Kiganja Kimoja Juu ya Maji

Ukitaka kumjua Mama Matete, usimtafute kwenye lango la hospitali ambako watu hupendeza. Pita wodi zote, pita jiko, pita chumba cha dobi chenye mvuke na kelele, kisha teremka mpaka nyuma kabisa, mahali ambapo wageni hawapelekwi. Huko ndiko yaliko mabwawa matatu. Miaka kumi na tisa mwanamke huyu amesimama hapo na buti za mpira zilizomzidi namba mbili, akiyatazama maji machafu ya hospitali nzima yakiingia upande mmoja na kutokea upande wa pili yakiwa yamepata adabu.

Aliajiriwa kama dobi. Mzee aliyekuwa akitunza mabwawa alipostaafu, wakubwa waliuliza nani atakwenda kule chini, na wafanyakazi wote wakaanza kutazama kucha zao. Yeye akanyoosha mkono. Wenzake walidhani amechanganyikiwa. Hawakujua kwamba alikulia kando ya kinamasi, mtoto wa mwanamke aliyekata matete ya kuezekea na ya kuzungushia nyua.

"Tope nalijua tangu utotoni," aliwaambia. "Sabuni ndiyo mgeni kwangu."

Mtu asiyejua angesema ni mashimo yenye majani, na wengi wamesema hivyo kwa miaka mingi, wakiwa wameziba pua. Wasamehewe. Bwawa la kwanza lina mafunjo, yale yenye vichwa vilivyotimka. Bwawa la pili ndilo kubwa, pana kama uwanja wa shule, na matete yake humfunika mtu mrefu na kofia yake. La tatu lina yungiyungi. Kutoka hapo maji hupita kwenye bomba, yakaingia kinamasini, kisha kijitoni, na watu wa bondeni huyachota kumwagilia bustani zao na kuogea. Binti yake Mama Matete ameolewa huko bondeni, mwendo wa saa moja kwa mguu, na yeye ni mmoja wa hao wanaochota.

Kazi ya kwanza aliyojifundisha ilikuwa kukaa kimya na kutazama. Aliona kwamba maji yanapoingia bwawa la kwanza wanaishi funza wembamba wenye mkia mrefu, ambao hupandisha ule mkia juu ili wapate pumzi, kwa sababu ndani ya maji yale pumzi hakuna. Ukifika katikati ya bwawa la pili, hao hawaonekani tena. Wanaanza konokono na ruba. Bwawa la tatu ni la watoto wa kereng'ende, vidudu vikali vya rangi ya tope, vinavyotambaa chini na kutafuna viluwiluwi vya mbu kama watu wanavyotafuna karanga. Mama Matete akichota tope kwa chekeche na kukuta watoto wa kereng'ende saba au wanane, alijua maji yanayotoka hayana neno. Akikuta wale wa mkia wamefika bwawa la tatu, alipandisha mteremko kwenda kugombana na mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mpishi aliyemwaga mafuta kwenye karo.

Bwana afya alikuja kila baada ya miezi mitatu na vichupa vyake, akapeleka maji maabara. Majibu yalirudi baada ya wiki mbili yakisema kile ambacho chekeche lilikwisha kusema. Mimi naona mwanamke wa namna hiyo angestahili walau kiti. Hakupewa kiti. Alijitafutia jiwe.

Na ndege walimjua. Kwera walining'iniza viota vyao kwenye mabua ya matete na kupiga kelele siku nzima. Kukuziwa walipita na vifaranga vyao weusi bila kuharakisha. Kulasitara mmoja alisimama asubuhi hadi jioni kwenye kona ile ile, akingoja chura, naye Mama Matete akapita hatua mbili kutoka alipo, na ndege hakushtuka wala hakusogea.

Sasa, matete hukatwa mara moja kwa mwaka. Usipoyakata hukauka, huanguka na kuoza, na uchafu uliokwisha kunywewa unarudi majini. Lakini yana sharti lake: mundu upite kiganja kimoja juu ya maji, usishuke hapo hata kwa bahati mbaya. Mizizi ya matete imelala ndani ya tope lisilo na hewa. Hewa yake hushuka kupitia ndani ya bua, na hata bua lililokatwa huendelea kuishusha, mradi kichwa chake kiko nje. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa kuzunguka mizizi na kula uchafu wa hospitali, navyo huishi kwa hewa hiyo hiyo. Ukilikata bua chini ya maji, maji yanaingia ndani, mzizi unakosa pumzi, na shamba zima linazama hapo hapo lilipo.

Sharti hilo alipewa na mama yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kumweleza mtu. Si kwa choyo; hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwaka huo binti yake alijifungua mtoto wa kwanza, na Mama Matete akaomba likizo ya wiki mbili. Mabwawa alimwachia msimamizi wa usafi, mtu waliyemwita Bwana Ng'arisha.

Bwana Ng'arisha alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo dogo la heshima na jicho lililoweza kuona alama ya kidole kwenye kioo cha ghorofa ya pili. Mawe yote ya kando ya njia alikuwa ameyapaka chokaa. Yeye na Mama Matete walitaniana tangu siku ya kwanza.

"Dada, lini utaniruhusu niyapige rangi hayo majani yako?"

"Siku utakapofua roho yako ukaianika."

Utani ulikuwa utani, lakini tangu Mama Matete alipofiwa na mumewe, hapakuwa na siku ambayo saa nne ilipita bila Bwana Ng'arisha kuteremka na vikombe viwili vya chai. Hakusema anampa pole. Alisema chai imezidi jikoni.

Siku za likizo zikiwa ukingoni, habari zikaja kwamba Jumatano mgeni rasmi angefungua wodi mpya ya watoto, na kwamba angezungushwa hospitali nzima, mbele na nyuma. Bwana Ng'arisha akateremka kukagua. Matete yalikuwa yamekomaa, mengine yamelala. Akamfikiria dada yake wa utani: miaka hamsini na minane, goti linalouma, akirudi Jumatatu na kukuta kazi ya wiki nzima inayotakiwa iishe kwa siku mbili. Akawaambia vijana wake waingie. Wakagoma. Basi akakunja suruali akaingia mwenyewe.

Alikata Ijumaa, akakata Jumamosi. Na kwa kuwa visiki vilivyobaki juu ya maji vilimkera kama ndevu zilizonyolewa vibaya, alirudi kuinama upya, mkono majini mpaka begani, akivikata kimoja kimoja chini kabisa. Alipomaliza mgongo haukunyooka, lakini bwawa lilikuwa limetakata, na mbingu ilionekana ndani yake. Alilala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Jumatatu asubuhi alimngoja kwenye mteremko na vikombe vyake viwili.

"Dada, fumba macho."

"Kwa umri wangu nikifumba macho nalala."

"Fumba tu, bwana!"

Akamshika mkono, akamteremsha taratibu, akamsimamisha ukingoni. "Fungua."

Mama Matete alifungua. Kwanza hakuona bwawa; aliona kwamba kwera hawapo. Kisha akaingia majini na nguo zake za safari, akainama, akapapasa. Kisiki cha kwanza alikikuta shubiri moja chini ya maji. Cha pili hivyo hivyo. Akaenda mpaka katikati akipapasa, huku maji yakimpanda kiunoni.

"Umekata wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Chini kabisa! Hutaona hata kimoja. Nilitaka ukirudi ukute pamependeza."

"Umeyaua," alisema Mama Matete.

Hapa wengi wetu tungetukana, na tungetukana vizuri. Yeye hasira ilimpanda. Lakini alipogeuka alimwona yule mtu amesimama na vikombe viwili, tabasamu likiwa bado usoni halijui pa kwenda. Akatoka majini. Akaenda bwawa la tatu, akakata kikonyo kirefu cha yungiyungi, akatumbukiza ncha moja majini na kupuliza nyingine. Mapovu yakatoka.

"Puliza na wewe."

Bwana Ng'arisha akaweka vikombe chini, akapuliza. Mapovu yakatoka.

"Mmea wa majini unapumulia shingo," Mama Matete akamwambia. "Matete nayo ni hivyo hivyo. Wewe umeyakata shingo, ukayasukuma chini."

Mwanamume yule, ambaye suruali yake ilikuwa na mistari ya pasi inayoweza kukata mkate, aliketi topeni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hukuniambia, dada."

"Sikukwambia," akajibu, na neno hilo lilimchoma yeye mwenyewe kuliko alivyotarajia. Miaka yote ile ya chai, na hakuwahi kumwambia.

Dawa ilikuwa moja tu, kushusha maji mpaka visiki vitoe vichwa nje. Hilo lilitaka kulifunga bwawa la pili, kuyapitisha maji ya bwawa la kwanza kwenye mfereji wa pembeni mpaka la tatu, na kulilaza bomba lake la kutolea maji, lililoshikwa na kutu, ili mdomo wake ushuke na maji yatoke. Bwawa la tatu peke yake lisingehimili mzigo wote, kwa hiyo Mama Matete alipandisha kwa madobi wenzake wa zamani na kuwaomba wiki chache za sabuni kidogo, bila dawa ya kung'arishia mashuka. Wakacheka kwamba leo ndugu wa tope amekuja kuomba. Kisha wakakubali wote, na mmoja wao akaenda kumkalia mpishi kooni kuhusu mafuta.

Ni Bwana Ng'arisha aliyekumbuka Jumatano. Maji yakishuka, kitakachobaki ni tope jeusi la miaka kumi na tisa, na harufu yake haitafichika.

"Dada, tungoje siku mbili tu. Wageni wapite, halafu tushushe."

"Ulianza kukata lini?"

"Ijumaa. Leo ya nne."

"Wewe ungekaa chini ya maji siku ngapi?"

Bwana Ng'arisha alikwenda kuleta spana.

Jumatano upepo ulivuma kutoka bondeni, kana kwamba umepewa mwaliko. Mgeni rasmi alianza hotuba, akakohoa, akatoa leso, akaifupisha. Wageni wakakata utepe harakaharaka na kuingia ndani kufunga madirisha. Katibu wa hospitali, kijana msomi ambaye wiki nzima hakulala kwa maandalizi, alitokwa na kijasho chembamba mbele ya watu. Magari ya mwisho yalipoondoka, aliteremka mteremko kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, tai ikiwa begani.

"Nani amefungulia maji haya?"

"Ni mimi, bosi," alisema Mama Matete.

"Na nani amekata majani namna hii?"

Bwana Ng'arisha akafungua kinywa, lakini Mama Matete akamtangulia. "Tumekata vibaya. Yeye alishika mundu. Mimi nilijua yanavyokatwa, nikakaa kimya miaka kumi na tisa. Kosa ni la wote wawili."

"Mama, mimi sitaki hadithi. Umeniaibisha leo." Alivuta pumzi, akajuta kuivuta. "Nakupa siku kumi na nne. Pasiporudi kijani, naleta malori ya kifusi, nafukia shimo hili, na maji yapite kwenye bomba moja kwa moja mpaka kinamasini. Mambo ya majani yaishe."

Mama Matete alikijua kile kinamasi. Kina mafunjo na matete yake, lakini ni chembamba, na hakiwezi kubeba uchafu wa vitanda mia mbili kwa mara moja. Ungefika kijitoni, na kwenye beseni alimoogeshwa mjukuu wake, ambaye alikuwa na siku kumi na saba duniani na alipenda kupigapiga maji kwa kisigino.

Wakaanza kungoja. Tope lilihitaji kubaki na unyevu bila kufunika visiki, na hiyo ni kazi ya kufungua maji kidogo na kufunga, asubuhi, mchana na jioni. Kulasitara alikula vyura waliobaki peupe kwa siku tatu, akashiba, akaondoka. Kukuziwa walihamishia vifaranga bwawa la tatu wakitembea kwa mstari. Siku ya tano, chekeche la bwawa la tatu lilitoka na funza wawili wenye mkia. Siku ya saba, kumi na moja. Maji yaliyokuwa yakitoka bombani yalianza kuwa na rangi ya chai ya rangi.

Siku ya nane Mama Matete aling'oa kisiki kimoja katikati ya bwawa la pili, mahali palipozama zaidi ambapo maji hayakukauka kabisa. Akakinusa. Kilikuwa kimeoza ndani. Akang'oa cha jirani yake, nacho kimeoza. Alivirudisha topeni alivyovikuta, ingawa havikuwa na faida tena, akaenda zake.

Tangu hapo hakulitazama tena lile bwawa. Mwanamke aliyebishana na wapishi na makatibu wanne, aliyeshika nyoka wa maji kwa mkono na kumhamisha, aliogopa kutazama tope. Alifanya kazi zake bwawa la tatu akiwa amelipa la pili mgongo. Nasema hivi kwa heshima kabisa. Kuna watu hatuna kitu maishani tunachokipenda kiasi cha kuogopa kukitazama.

Kutazama kukawa kazi ya Bwana Ng'arisha. Kila siku kabla ya zamu na baada ya zamu aliteremka, akaweka ubao juu ya tope ili asikandamize mizizi, akalala kifudifudi juu yake na kuangalia kisiki baada ya kisiki. Nguo zake zikawa hazitazamiki. Alama za vidole zikazaa kwenye vioo vya ghorofa ya pili, na watu wakasema msimamizi amepatwa na nini. Alipotoka bwawani alimpitia Mama Matete, akatikisa kichwa kwamba bado, akaenda. Hata chai walikunywa bila utani.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, gari dogo liliteremka mpaka karibu na mabwawa. Mama Matete alilisikia. Alisikia sauti ya katibu, na sauti ya mtu mwingine akitaja urefu na upana, akaelewa kwamba mtu wa kifusi amekuja kupima shimo. Hakugeuka. Aliendelea kuchota na kumimina, kuchota na kumimina, mikono ikifanya kazi peke yake.

Kisha akasikia mtu anakuja mbio nyuma yake, miguu ikipiga tope.

Alikuwa Bwana Ng'arisha, hana kofia, kifua chote tope, anahema. Akanyoosha kidole cha shahada na kushika pingili yake ya mwisho kwa mkono mwingine, kuonyesha kipimo.

Mama Matete alikitazama kile kidole. "Machipukizi?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Mangapi?"

"Nimefika thelathini na moja, dada, nikawa sioni tena." Akajifuta macho kwa mkono, akajipaka tope zaidi. "Ukingo wote ule wa juu. Yana ncha nyeupe, halafu kijani. Katikati hakuna kitu. Katikati nadhani nimeyaua kweli."

"Katikati tutapanda," alisema Mama Matete. Chekeche lilikuwa limemponyoka bila yeye kujua. Alilia wazi, akiwa amesimama maji magotini, hakujifunika uso, na Bwana Ng'arisha alisimama naye akitazama pembeni kwa adabu.

"Na yule mtu wa kifusi?" aliuliza alipoweza.

"Amekunja utepe wake wa kupimia, amepanda gari."

"Na katibu?"

"Katibu yuko kule kwenye tope. Amesema mimi nahesabu vibaya kwa sababu ya machozi. Amevua viatu, anahesabu mwenyewe."

"Amevua viatu?" Mama Matete alisema. "Ameingia ndani? Kwa miguu?" Na akatoka majini na goti lake linalouma, buti zikimtoka, akikimbia kuelekea bwawa la pili huku akipiga kelele, "Bosi! Bosi, usikanyage! Simama hapo hapo ulipo, mwanangu, nakuja kukuonyesha!"